Marashi ya zamani yasiachwe kwa kuogopa macho ya watu

Mwanamume anayependa Old Spice, iliyoanza kuuzwa kwa wanaume nchini Marekani mwaka 1938, au Brut ya mwaka 1964, asiyafiche marashi yake kabatini kwa sababu tu kuna aliyemwambia kwamba yananukia kizee au ni ya bei rahisi. Mara nyingi kinachowakera watu ni wingi wake. Jipake matone mawili shingoni baada ya kuoga, ngozi ikiwa imekauka, kisha usiombe maoni ya mtu kwa muda wa nusu saa, kwa kuwa ukali wa alkoholi, ambao ndio humpiga mtu puani mwanzoni, utakuwa umekwisha kuyeyukia hewani, na kitakachobaki kwenye Old Spice ni harufu ya mdalasini iliyotulia karibu na ngozi. Mimi hujipaka kabla ya chai ya asubuhi. Mwenzako wa ofisini akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, mheshimu na upunguze mara moja. Akiicheka bei ya chupa, endelea kujipaka.