Mzee Karuhusiwa Hospitali: Panga Dawa Kabla ya Dozi ya Kwanza

Mzee akitoka KCMC, Mawenzi au Mount Meru anarudi na mfuko wa dawa mpya, na kabatini nyumbani kuna mfuko wa zamani unamsubiri. Mifuko hiyo ikichanganyika ndipo watu wanapoumia. Kazi hii ifanyike siku ileile, kabla hajameza kitu.

Hatua ya 1: Mkiwa bado wodini

Soma karatasi ya ruhusa pamoja na nesi au daktari. Kwa kila dawa aliyokuwa akitumia zamani, uliza: anaendelea nayo, dozi imebadilika, au imesimamishwa? Jibu liandikwe. Kisha hesabu vidonge. Kliniki ikiwa baada ya siku 30 na dawa ni 1×2 (kimoja mara mbili kwa siku), vinatakiwa 60. Ukipewa 28, ujue mapema utanunua wapi, hasa kama mnarudi Rombo au Karatu.

Hatua ya 2: Mwaga zote mezani

Za kabatini, za chini ya mto, za kwenye mkoba, hata alizopewa na jirani. Sasa soma jina la dawa yenyewe. Herufi kubwa za mbele mara nyingi ni jina la biashara. Dawa imeandikwa chini yake kwa herufi ndogo. Boksi mbili za rangi tofauti zinaweza kuwa amlodipini, dawa ya presha, zote mbili.

Angalia losartani, nayo ya presha, kwa makini zaidi. Yenye herufi H ina dawa mbili ndani ya kidonge kimoja: losartani na haidroklorothiazaidi. Mzee aliyepewa hiyo wodini, akaendelea na losartani yake ya zamani, anameza losartani mara mbili bila kujua. Presha inashuka, anaamka usiku kwenda chooni, kizunguzungu kinampiga, anaanguka na nyonga inavunjika.

Zilizosimamishwa zifunge kwenye mfuko ulioandikwa ASITUMIE, mbali na kitanda chake.

Diklofenaki na ibuprofeni nazo zitoke mezani. Kwa anayetumia losartani au enalaprili (nayo ya presha) pamoja na Lasix (furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo), dawa hizi za maumivu zinaweza kuharibu figo ndani ya siku chache, na duka la dawa watakuuzia bila kuuliza anatumia nini kingine. Goti likiuma, anzia parasetamoli. Visizidi vidonge 6 vya miligramu 500 kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini au uzito chini ya kilo 50 aulizie kwanza. Mitishamba mtajie daktari bila aibu: baadhi hushusha sukari, ikakutana na vidonge vya sukari.

Hatua ya 3: Karatasi moja ukutani

Bahasha ya dawa huandikwa 1×3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Wapo wanaompa vitatu kwa mpigo. Kwa hiyo andika kwa maneno: "Kimoja saa 12 asubuhi, kimoja saa 8 mchana, kimoja saa 4 usiku." Ukikuta 8:00 kwenye lebo, uliza: ni saa ya kizungu, yaani saa 2 yetu, au ni saa 8 kweli?

Lasix ni asubuhi. Kama ni mara mbili, ya pili iwe saa 8 mchana, asihangaike na choo usiku kucha. Glibenklamaidi, kidonge cha sukari, haimezwi kama hajala. Kwa wazee inaweza kushusha sukari kwa saa nyingi, hata baada ya kuonekana amepata nafuu.

Hatua ya 4: Siku 7 za kwanza

Pima presha akiwa amekaa kimya dakika 5, kisha akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mpigie daktari kabla ya dozi inayofuata ya presha.

Akitoka jasho, kutetemeka au kuongea ovyo, pima sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Dozi ikisahaulika na saa ya inayofuata imekaribia, iache. Usimpe mbili kufidia.