Ukianza kama mwanamuziki kwenye Ultima Online, piga ala kwanza

Wengi wanaoingia Ultima Online, gemu ya mtandaoni iliyopo tangu 1997, wakichagua kuwa wanamuziki hukimbilia msituni kuchochea majini wapigane. Usifanye hivyo. Kila wimbo wenye nguvu, uwe wa kutuliza, kuchochea au kudhoofisha adui, kwanza hupimwa kwa ujuzi wako wa kupiga ala, yaani Musicianship. Ujuzi huo ukiwa chini, utapiga ovyo na hakuna kitakachotokea, huku adui anakuja.

Kwa hiyo baki mjini. Nunua tari au ngoma, bonyeza mara mbili, tulia kidogo, rudia. Inachosha, lakini ndiyo njia ya bei nafuu zaidi. Ala huchakaa na kuvunjika, kwa hiyo beba mbili au tatu. Mimi iliwahi kunikatikia mkononi mbele ya mazimwi wawili, sina nyingine, nikafa palepale.

Ukishatoka, anza na kutuliza. Ukijilenga mwenyewe, wimbo huwatuliza wote walio karibu kwa muda mfupi, na hapo ndipo unapoondoka. Usimpige yeyote, utamwamsha.

Kuchochea kuje baadaye: unalenga wa kwanza, kisha yule unayetaka apigane naye. Simama mbali kabla hawajakuona, na hakikisha nyuma yako pako wazi, kwa sababu ukikosea, uliyemlenga anaweza kukugeukia wewe.