Kujifunza Kutangaza Mpira Redioni Ukiwa Mwanza
Anayetaka kutangaza mpira redioni na aanzie jukwaani katika Uwanja wa CCM Kirumba, akiwa na kinasa sauti na orodha ya wachezaji kwa namba za jezi, kwa kuwa msikilizaji aliye mwaloni au ndani ya mtumbwi huona tu kile anachoelezwa. Taja kwanza mpira uko wapi, kisha nani anao, ndipo ueleze anachokusudia. Wengi hugeuza mpangilio huu, na msikilizaji hupotea. Rudia matokeo na dakika mara kwa mara, maana wapo wanaofungulia redio mchezo ukiwa katikati. Matamshi ya majina yaulizwe mapema, hasa ya wageni. Bao likifungwa, nyamaza kidogo: mashabiki watatangaza.