Sanamu za Chuma za Borrego Springs: Namna ya Kuzitembelea Bila Kukwama

Katika jangwa la Anza-Borrego, kusini mwa California, kuna sanamu za chuma zaidi ya 130 zilizotapakaa mchangani kuzunguka mji mdogo wa Borrego Springs. Zimetengenezwa na Ricardo Breceda, fundi mzaliwa wa Durango, Mexico, kwa agizo la Dennis Avery, aliyekuwa mwenye ardhi hiyo hadi alipofariki mwaka 2012. Eneo lenyewe huitwa Galleta Meadows. Hakuna geti, tiketi wala mlinzi, kwa hiyo pia hakuna wa kukuonya kwamba maji uliyobeba hayatoshi.

Nenda kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40 za Selsiasi mara kwa mara, na kivuli hakuna. Hata msimu wa baridi beba lita 4 za maji kwa kila mtu, na ujaze tangi la mafuta kabla ya kuingia jangwani. Mtandao wa simu hukatika njiani, hivyo pakua ramani mapema.

Ukitokea San Diego, safari ni kama saa mbili: chukua barabara kuu ya I-8, kisha barabara ya 79 hadi Julian, halafu 78 na S3. Wa Los Angeles wapitie Temecula na barabara ya 79, kwa sababu njia hiyo inapita Aguanga, penye jumba la maonyesho na bustani ya Breceda mwenyewe. Anzia hapo. Ukishaona kazi kwa karibu, zile za jangwani utazisoma vizuri zaidi. Kutoka Aguanga endelea hadi S2, kisha S22, ambayo inateremka mlima mkali wenye kona nyingi. Shuka kwa gia ndogo. Ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto na kulegea. Siku ya kurudi tatizo ni injini kuchemka, kwa hiyo kagua maji ya rejeta kabla ya kupanda.

Pale mjini kuna kipilefti kiitwacho Christmas Circle. Kifanye kituo chako cha kuhesabia njia. Sanamu nyingi zimejikusanya kaskazini na kusini mwake. Kaskazini, Borrego Springs Road inapita katikati ya joka lenye urefu wa futi 350, yaani kama mita 107. Mwili wake unaibuka na kuzama mchangani, ukidhaniwa umepita chini ya lami. Usisimame barabarani kupiga picha. Magari huja kwa kasi na madereva macho yao yako kwa joka, si kwako.

Sasa saa ya kutazama, jambo ambalo wageni wengi hulikosea. Fika saa moja asubuhi au kuanzia saa kumi jioni. Breceda hukata bati la chuma, huligonga kwa nyundo na kulichomelea juu ya fremu, kwa hiyo uhai wa sanamu umo kwenye mabonde madogo ya nyundo. Jua la utosini hufuta vivuli vyote na ngozi inaonekana bapa. Jua la pembeni huinua kila gamba la joka, na kwenye sanamu za tembo wa kale utaona mikunjo ya goti ilivyopandana, bati juu ya bati. Zunguka sanamu nzima kabla ya kutoa simu. Sanamu za nge na panzi wanaokabiliana zina maana tu ukisimama ubavuni, uwaone wote wawili.

Usiruhusu watoto kupanda. Kingo za bati zinakata kama wembe, na chuma kilichopigwa na jua la mchana kinaunguza kiganja. Usiingize mkono chini ya sanamu pia: nyoka na nge wanapenda kivuli hicho hicho.

Kuhusu gari: gari dogo la kawaida liache palipo pagumu kando ya lami, utembee. Vijia vinavyoelekea kwenye sanamu vina mchanga laini, na vinaonekana vigumu kuliko vilivyo. Ukikwama, acha kukanyaga mafuta mara moja, maana kila mzunguko wa tairi unachimba shimo. Fukua mchanga mbele ya matairi, punguza upepo hadi PSI 20 ili tairi lilale na kukanyaga eneo kubwa zaidi, tandika mazulia ya gari mbele ya matairi yanayovuta, kisha ondoka polepole bila kupinda usukani. Jaza upepo tena kabla ya kukimbia kwenye lami. Tairi laini hupata joto na linaweza kupasuka.

Ukivutiwa kununua kule Aguanga, uliza kwanza unene wa bati na kama sanamu ina miguu ya kufungia bolti. Kutu ile ya hudhurungi hudumu jangwani kwa sababu mvua ni chache. Nyumbani penye mvua, miezi ya mwanzo itachuruzika na kuchafua sakafu, kwa hiyo iweke juu ya kokoto, si kwenye vigae. Anayefikiria kuisafirisha hadi Mombasa au Dar aipake vanishi ya chuma isiyo na rangi ndani na nje. Chumvi ya bahari huanza kula kwenye viungo vya kuchomelea, mahali ambapo maji hutuama.