Namna ya Kuzoea Kifaransa cha Kila Eneo

Ikiwa ulijifunza Kifaransa cha Paris na sasa unakwenda kuishi Brussels au Lubumbashi, anza na namba, kwa kuwa kosa la namba hugharimu fedha na miadi. Wafaransa wengi husema sabini kuwa soixante-dix, yaani sitini na kumi, na tisini kuwa quatre-vingt-dix. Ubelgiji, Uswisi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutumia septante na nonante, ambayo kwa maoni yangu ni mepesi zaidi kwa mgeni. Themanini inahitaji uangalifu: Wabelgiji na Wakongo husema quatre-vingts kama Wafaransa, ilhali huitante husikika katika baadhi ya majimbo ya Uswisi, likiwemo Vaud, wala si Geneva.

Unapoalikwa chakula, uliza saa. Dîner ni mlo wa jioni mjini Paris, lakini kwa desturi ni wa mchana nchini Ubelgiji, Uswisi na huko Quebec, ambako wa jioni huitwa souper.

Kuhusu lafudhi, zoeza sikio kabla ya ulimi. Watu wa Quebec hutamka t na d kama ts na dz zinapotangulia irabu zinazoandikwa i na u, hivyo neno tu husikika kama “tsu”. Kusini mwa Ufaransa, tuseme Toulouse au Marseille, e ya mwisho ambayo watu wa Paris huimeza hutamkwa waziwazi. Sikiliza redio ya eneo unalokwenda, na kila neno jipya uliandike pamoja na mahali lilikotoka.