Piñata ya nyota: shingo ngumu, tumbo laini

Piñata ni chombo chenye pipi ndani kinachoning'inizwa ili watoto wakipasue kwa fimbo, na nyingi za nyumbani huharibika kwa namna moja. Mtoto wa kwanza anapiga, kamba inachomoka, na piñata inaanguka chini nzima nzima, pipi zikiwa bado ndani. Aliyeitengeneza ameongeza karatasi tumboni mpaka pakawa pagumu kama ngoma, huku shingoni ametoboa matundu mawili tu ya kupitishia uzi. Inatakiwa kinyume chake.

Tunayoitengeneza hapa ni ile ya kimila ya Meksiko, nyota ya pembe saba, inayopasuliwa jioni za posadas, sherehe za kuelekea Krismasi, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba. Pembe ni dhambi saba kuu na fimbo ni imani, ndiyo sababu mpigaji hufungwa macho. Zamani tumbo lilikuwa chungu cha udongo. Vigae vikimwagika juu ya watoto wanaogombania matunda si mchezo, kwa hiyo wengi siku hizi hutumia karatasi.

Anza siku nne au tano kabla ya sherehe. Pwani wakati wa masika, anza wiki nzima kabla.

Gundi kwanza. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji, mimina mchanganyiko wako polepole huku ukikoroga kwa mwiko, uache utokote dakika tatu, kisha tia kijiko kikubwa cha chumvi kuzuia ukungu. Ipua ikiwa nyepesi kama uji wa kunywa, maana ikipoa itazidi kuwa nzito. Unga mkavu ukiutia moja kwa moja kwenye maji ya moto utapata madonge tu. Gundi hii huchacha upesi. Pika upya ikianza kunuka.

Puliza puto hadi lifike kipenyo cha sentimita 30, yaani ukilizungushia uzi upate kama sentimita 94. Lipake mafuta ya kupikia kidogo, ulikalishe kwenye bakuli. Magazeti yachane kwa mkono, vipande vya sentimita 3 kwa 15. Ukingo uliochanwa hulala vizuri kuliko uliokatwa kwa mkasi. Chovya kipande, kikamue kati ya vidole viwili, bandika, kinachofuata kifunike kidogo ukingo wa mwenzake. Ukiona gundi inachuruzika, umeweka nyingi, na karatasi hiyo haitakauka leo wala kesho. Kwenye fundo la puto acha tundu la sentimita 8.

Kwa watoto wa miaka minne hadi sita, tabaka tatu zinatosha. Wa miaka saba hadi kumi, nne. Wakubwa zaidi, tano, na hapo simama.

Bandika tabaka mbili, kausha saa 24, ndipo uendelee. Usianike juani: hewa ndani ya puto hutanuka na puto hupasuka, karatasi mbichi ikabaki bila kitu cha kuishikilia. Kivuli chenye upepo ndicho chake. Gonga kwa ukucha: iliyokauka hulia kama boksi tupu. Iguse na shavu pia. Ikiwa baridi, ndani bado mbichi.

Sasa shingo. Kabla ya tabaka la mwisho, chukua kamba mbili za katani, kila moja mita 2, zipitishe chini ya tumbo zikikatana kama msalaba. Ncha zote nne zipande juu, uzifunge pamoja sentimita 20 juu ya tundu. Bandika tabaka la mwisho juu ya kamba. Uzito utabebwa kutoka chini, na ubavu utapasuka huku kamba ikibaki juu. Ikikauka, toboa puto ulitoe.

Pembe hutengenezwa kwa karatasi ya manila. Kata robo duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 25, ikunje iwe koni yenye ncha, ubandike. Kitako chake kikate meno ya sentimita 2, yakunje nje, uyashikishe kwa vipande vya gazeti: sita kuzunguka kiuno cha piñata, ya saba chini.

Urembo wake ni karatasi za shashi. Kata mikanda ya sentimita 8, ikunje katikati kwa urefu, kisha kata tamvua za sentimita 3 upande wa mkunjo. Bandika kama fundi anayeezeka makuti, kutoka chini kwenda juu, kila safu ifunike gundi ya safu iliyotangulia. Ukianzia juu, gundi yote itaonekana.

Jaza siku yenyewe: kilo moja na nusu hadi mbili kwa watoto 15. Wameksiko hutia karanga, machungwa madogo na vipande vya miwa. Chokoleti huyeyuka, iache. Wakiwapo wa chini ya miaka minne, usitie karanga wala pipi ngumu, wasije wakapaliwa.

Kamba ipite juu ya tawi, na mtu mzima aishike aipandishe na kuishusha. Fimbo iwe mpini wa ufagio wa sentimita 80, kamwe si bomba la chuma. Chora duara lenye nusu kipenyo cha mita 3 ambalo haingii mtu ila mpigaji, na anza na mdogo kuliko wote, kwani kijana wa miaka kumi na miwili akitangulia mchezo umekwisha. Ikipasuka, mnyang'anye fimbo kwanza, ndipo uwaruhusu wengine. Weka pembeni mfuko wa pipi kwa wale watakaoinuka mikono mitupu.