Kusoma mfumo ikolojia kwenye kiwanja cha mita tano: zoezi la mikokoni Mombasa

Zoezi hili ni la mwanafunzi, mwalimu au kijana wa kikundi cha mazingira anayetaka kuyaona kwa macho yale maneno ya kitabuni: viumbe hai, vitu visivyo hai, wazalishaji (mimea inayojitengenezea chakula), walaji, waozeshaji (wanaoozesha vilivyokufa). Mimi hulifanyia hori ya Tudor, upande wa Mikindani, lakini Jomvu, Port Reitz au Mtwapa kutakufaa vilevile. Nimechagua mikoko kwa sababu pale mazingira hayajifichi. Maji yanakuja na kuondoka mara mbili kwa siku, na kila kilicho hai lazima kijipange.

Kabla ya kutoka nyumbani

Tazama maji kwanza. Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la kupwa na kujaa kwa Kilindini. Usipolipata, tazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye ni bamvua, maji makubwa, na hapa Mombasa maji ya bamvua hupwa sana mwendo wa saa nne, saa tano asubuhi. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Ukienda wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, utaona nusu ya mambo tu.

Beba kamba ya mita 20, vijiti vinne, daftari, penseli (wino hulowa ukafutika), kijiko cha chuma na maji ya kunywa. Vaa viatu vinavyoshika mguu. Tope la mikokoni hunyang'anya kandambili bila huruma. Mtafute mvuvi au mtu wa kikundi cha uhifadhi wa pale mtaani mwende pamoja, na usikate hata kijiti: mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Vijiti toka navyo nyumbani.

Hatua ya 1: Piga kiwanja

Funga kamba kwenye vijiti upate mraba wa mita 5 kwa 5. Piga kimoja karibu na maji, ukimaliza piga kingine juu, karibu na nchi kavu. Viwili ni lazima. Kiwanja kimoja kitakupa orodha, na ikolojia huanza pale unapouliza kwa nini hiki kiko hapa na kule hakipo.

Hatua ya 2: Anza na visivyo hai

Hapa ndipo wengi huruka, wakimbilie kaa na ndege. Usiruke. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Arthur Tansley, alishikilia kwamba viumbe na mazingira yao yasiyo hai wahesabiwe kuwa mfumo mmoja. Ukisimama topeni utaona alikuwa na maana gani.

Andika mwanga unaofika chini, maji hukaa muda gani, tope ni laini au lina mchanga, mteremko uko upande gani. Kisha fanya majaribio mawili.

La kwanza ni hewa. Chimba kwa kijiko kina cha kidole. Juu utaona utando mwembamba wa kahawia, uliofikiwa na hewa, chini yake tope jeusi linalonuka yai viza. Harufu hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, kazi ya bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Maana yake, mizizi iliyo chini haina cha kuvuta. Sasa inua macho utazame mchu, aina mojawapo ya mikoko: vijimizi vimesimama wima kutoka topeni kama penseli, mamia yake, vikivuta hewa maji yakipwa. Mkoko wenyewe, aina yenye jina hilo hasa, umesimama juu ya mizizi iliyojipinda kama matao, na muia, aina nyingine, unakunja mizizi yake kama magoti. Tatizo ni moja, kila mti na jibu lake.

Rudi kwenye tope uchimbe tena, safari hii kando ya tundu la kaa. Ile rangi ya kahawia inashuka pamoja na ukuta wa tundu. Kaa amepeleka oksijeni chini bila kukusudia. Kwa hiyo kiumbe naye hubadilisha visivyo hai, na hili watu husahau kuliandika.

La pili ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Chuma jani moja la mchu siku ya jua na ulilambe. Chumvi utakayoisikia mti wenyewe umeitoa kupitia majani. Ukilamba la mkoko hutapata kitu, kwa sababu mkoko huizuia chumvi sehemu kubwa kwenye mizizi, isiingie. (Usilambe chochote pale mfereji wa maji taka unapomwagika. Mahali pa namna hiyo, Mikindani pako.)

Kati ya hivyo vyote, tafuta kile kinachobana kuliko vingine. Mti hauishi kwa wastani wa mambo yake. Unaishi kwa kadiri ya kile ulichopungukiwa zaidi.

Hatua ya 3: Viumbe, kwa ngazi

Usihesabu ovyo. Mti mmoja wa mkoko ni kiumbe. Mikoko yote ya aina hiyo katika kiwanja ni kundi la spishi moja. Mikoko, michu, kaa, konokono, ndege na bakteria wa tope kwa pamoja ni jumuiya. Ongeza sasa yale ya hatua ya 2, umepata mfumo ikolojia.

Kwa miti, linganisha viwanja viwili. Ukingoni mwa maji mara nyingi utakuta mlilana, kisha mkoko, halafu ukipanda mkandaa, na mchu huenda ukaukuta pande zote mbili. Kenya ina aina tisa za mikoko, hutazipata zote katika kamba yako.

Kwa wanyama, kaa kimya dakika chache. Wakikuona wanaingia mashimoni, ukitulia wanatoka. Tazama kaa wawili. Dume mwenye gando moja kubwa anachota tope kwa gando dogo na kula mwani na bakteria waliomo. Mwingine, wa rangi ya giza chini ya mizizi, anavuta jani lililoanguka mpaka tundu lake. Makazi mamoja, riziki mbili, ndiyo maana hawafukuzani.

Wanafunzi hupenda kuniuliza majina ya kila kaa. Mimi huwaambia: muulizeni mzee anayevua kaa. Nao wanamwendea: "Shikamoo mzee, huyu anaitwaje?" Na mzee: "Marahaba mwanangu. Huyo haliwi." Jibu zuri kwa mvuvi. Kwa daftari lako, andika anakula nini na nani anamla.

Hatua ya 4: Chora mishale

Andika majina kwenye ukurasa mmoja, kisha uyaunganishe. Mshale huelekea kwa anayekula, kwa sababu unaonyesha nishati inakokwenda. Karibu kila darasa huugeuza. Mfano: jani la mkoko, kaa wa majani, kaa koko, mtu wa Mikindani anayemla. Mwingine: mwani wa tope, kaa wa gando, yangeyange. Mishale ikianza kupishana umetoka kwenye mnyororo, umefika kwenye mtandao wa chakula.

Kila ngazi hupitisha takriban asilimia 10 tu ya nishati kwenda ngazi inayofuata. Iliyobaki hutumika kuishi na kupotea kama joto. Ndiyo sababu majani ni mengi mno, kaa ni wengi, na yangeyange ni watatu.

Hatua ya 5: Fuata jani lililokufa

Nishati hupita mara moja, virutubisho huzunguka. Ili uone mzunguko unavyoweza kukwama, toka mikokoni uende Bamburi, Haller Park. Hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe la matumbawe tupu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu zilisimama, mvinje ukiwa mmojawapo. Mvinje hushirikiana na bakteria mizizini wanaotwaa naitrojeni ya hewani. Lakini majani yake yalianguka yakalala, hayaozi. Kilichofungua njia ni jongoo wenye miguu myekundu walioletwa, wakala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Wageni humkumbuka kiboko Owen na kobe Mzee. Mimi wa kwanza kwangu ni jongoo.

Katika mchoro wako, hakikisha waozeshaji wana mishale inayorudi kwa wazalishaji. Bila hiyo mchoro haujaisha.

Hatua ya 6: Jiweke ndani ya kamba

Ongeza binadamu, na usimwandike kama "uchafuzi" peke yake. Andika njia: maji taka yanaleta virutubisho kupita kiasi, kuni zinaondoa wazalishaji, shamba la bara linaleta tope. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimwaga tope jingi katika hori ya Mwache, likafukia mizizi na mikoko mingi ikafa. Ukiwa umefanya hatua ya 2, sababu unaijua tayari: penseli zile za mchu zikifunikwa, mti unakosa hewa.

Kwa kila njia chora mshale, uandike ni kipi kitakachopungua kwanza. Kisha rudi kwenye kiwanja kilekile baada ya masika, na kalenda ya bamvua mkononi, ukague ni mshale upi ulioukosea.